Sauti zenye kusoma namba kwenye redio: siri haiko hewani, iko kwa mwenye ufunguo

Mutu mwenye kuzungusha kifungo cha poste usiku, kwenye masafa mafupi, anaweza kuangukia sauti ya mwanamuke yenye inasoma namba tano-tano, bila kutaja jina la redio wala la inchi. Vituo vya namna hiyo vilijulikana sana wakati wa vita baridi, na mpaka leo havijaisha. Ni vya nani? Vinazungumuza na nani? Na sisi wakaaji wa majimbo ya mashariki, wenye tunaishi kila siku na maneno ya "siri" yenye kuzunguka ndani ya matelefone, vinatufundisha nini?

Ni nini yenye kusikika

Kwa watu wa umri fulani, masafa mafupi si kitu kigeni. Ni ile fasi ya poste yenye kuandikwa SW ao OC, fasi wazazi wetu walitafutaka BBC, RFI, Sauti ya Amerika na Deutsche Welle. Sauti inapanda, inashuka, inafifia, kisha inarudia. Katikati ya redio za habari kuko vitu vingine vingi: milio ya Morse, kelele za mashini, saa yenye kupiga tik tik. Na mara moja moja, kuko namba.

Kituo chenye kujulikana zaidi kati ya hivyo vyote, wasikilizaji walikipa jina la Lincolnshire Poacher, juu kilianza kila mara na vipande vya wimbo wa zamani wa Uingereza wenye jina hilo. Kisha wimbo, sauti ya mwanamuke, yenye kutoka kwa mashini, ilisoma namba tano kwa Kingereza ili mwenye kuhusika ajue kama ni yeye anaitwa. Halafu vikundi mia mbili vya namba tano-tano, kila kikundi mara mbili. Kisha wimbo tena, na kimya. Kituo hicho kilisikika tangu miaka ya 1970 mpaka mwaka wa 2008. Wafuatiliaji walipima upande mawimbi yalikuwa yanatokea, na alama zote zikaelekeza kwenye kambi ya jeshi la Uingereza kule Akrotiri, kwenye kisiwa cha Kipro. Ndugu yake, Cherry Ripe, chenye kilikuwa kinaelekea Asia, kilinyamaza mwaka wa 2009.

Cuba nayo ilikuwa na sauti yake ya mwanamuke, ya Kispanyola, yenye ilianza na neno moja: "¡Atención!" Leo kituo cha Cuba chenye wafuatiliaji wanaita HM01 kinachanganya sauti ya namba na milio ya data yenye ordinatere inaweza kusoma.

Urusi iko na kituo cha namna ingine, kwenye kHz 4625. Kinajulikana kwa jina la UVB-76. Hapo hakuna namba za kila saa. Kuko mulio wa mashini, karibu mara 25 kwa kila dakika, muchana na usiku, kwa miaka mingi. Mara moja moja mulio unakatika, sauti ya mwanaume inasoma kwa Kirusi namba na majina, kisha mulio unarudi. Wafuatiliaji wengi wanaona kama ni cha jeshi, si cha wapelelezi: jeshi linashika njia hiyo wazi ili siku ya kutuma amri ikutane njia iko tayari. Serikali ya Urusi haijatoa maelezo.

Wengine walisikia sauti yenye kufanana na ya mutoto mudogo wa kike, ikisoma namba kwa Kijerumani kisha muziki wa kisanduku. Ilitisha watu wengi, na hadisi mbaya zilizaliwa juu yake. Miaka ilipita, dosie za zamani zikafunguliwa, ikajulikana kama kilikuwa kituo cha wapelelezi wa Poland, na ile "mutoto" ilikuwa mashini ya kusema, yenye ilitengenezwa na idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi. Hakukuwa mutoto yeyote. Tushike mufano huo, tutaurudilia.

Juu ya nini redio, na si telefone

Mutu anaweza kuuliza: katika wakati wa WhatsApp na intaneti, serikali yenye mali inatafuta nini kwenye kitu cha zamani hivi?

Jibu la kwanza ni umbali. Mawimbi ya masafa mafupi yanapanda juu, yanagonga tabaka la hewa lenye kuitwa ionosfia, kati ya kilomita karibu 60 na mamia kadhaa kutoka chini, kisha yanarudishwa kwenye udongo mbali sana na fasi yalitokea. Ndiyo maana FM ya hapa kwetu inakufia nyuma ya kilima, lakini poste ndogo ya mapile mbili inaweza kushika redio ya inchi yenye kuwa ngambo ya bahari. Mutambo mumoja unaweza kufikia nusu ya dunia, na hauombe kusimamisha hata antena moja katika inchi ya yule mwenye anasikiliza. Katika Kongo jambo hilo si jipya. Mwaka wa 1943, wakati Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, mutambo wenye nguvu wa masafa mafupi wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ulikuwa unazungumuza na Wabelgiji kule kwao Ulaya.

Jibu la pili ndilo kubwa zaidi. Telefone inaacha alama za miguu. Ukiita mutu, kampuni inajua uliita nani, saa gani, na ulikuwa chini ya antena gani. Ukifungua ukurasa wa intaneti, kuko mashini fulani yenye imeandika kama ulipita. Poste ya redio, hapana. Inapokea tu, haijibu. Sauti inaanguka juu ya mamilioni ya nyumba kwa wakati mumoja, na hakuna orodha ya wenye waliwasha. Mupelelezi anaweza kukaa katika chumba chake, na poste ya kununua kwenye soko, kalamu na kaye, akapokea amri ya wakubwa wake. Jirani mwenye kuwa nyuma ya ukuta atazania anatafuta habari za mupira.

Wazee wetu wa fonie wanaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Zamani, mbele ya telefone za mukononi, mutu wa Bukavu mwenye alitaka kusema na ndugu wa Kisangani ao wa Shabunda alienda ku fonie. Kila mutu mwenye kuwa kwenye ile masafa alisikia. Kwa hiyo mwenye alikuwa na jambo la siri, kama bei ya mali ao safari ya feza, alilisema kwa fumbo lenye walipatana mbele. Maneno yalipita wazi kabisa, lakini maana ilibakia kwa watu wawili. Vituo vya namba vinafanya kazi hiyo hiyo, paka na hesabu badala ya fumbo.

Na wakati wa vita kubwa ya pili, London ilifanya hivyo kwa mafumbo kabisa. Katika matangazo ya Kifaransa ya BBC, kisha habari, musomaji alisoma "ujumbe wa watu binafsi": maneno mafupi ya kuchekesha ao ya mashairi, yenye hayakuwa na maana kwa Mujerumani mwenye alikuwa anasikiliza. Kwa kikundi fulani cha wapiganaji wa ndani, neno moja lilimaanisha "usiku huu ndege inaangusha silaha", na ingine lilimaanisha "katisheni njia ya treni". Mwezi wa 6 mwaka wa 1944, mbele ya majeshi kushuka Normandie, ujumbe wa namna hiyo ulitumwa kwa wingi.

Hesabu yenye haiwezi kuvunjwa

Sasa tuingie ndani ya namba zenyewe. Watu wengi wanafikiri mutu mwenye akili sana, ao ordinatere kubwa ya Wamarekani, inaweza kukaa na kuzifungua. Kama kazi ilifanyika sawasawa, haiwezekani. Si kusema ni nguvu: haiwezekani. Tuone juu ya nini.

Mukubwa na mupelelezi wanagawana mbele kaye mbili zenye kufanana, zenye kujaa namba za ovyo-ovyo, zenye hazifuate mupango wowote. Tuseme mukubwa anataka kutuma namba 47129, na kati yao wanajua inamaanisha neno fulani. Anafungua ukurasa wa kaye, anakuta 85364. Anajumulisha kila namba na mwenzake, bila kubeba kumi: 4 na 8 ni 12, anaandika 2, 7 na 5 ni 12, anaandika 2, 1 na 3 ni 4, 2 na 6 ni 8, 9 na 4 ni 13, anaandika 3. Kwenye redio itasomwa: 2, 2, 4, 8, 3. Mupelelezi anaandika 22483, anafungua ukurasa ule ule wa kaye yake, anatoa 85364 namna ile ile, na 47129 inarudia. Kisha wote wawili wanachoma ukurasa. Hautatumika tena hata siku moja.

Mutu mwingine mwenye alisikia 22483 eko na nini mukononi? Hana kitu. Akijaribu ukurasa wa 10161, atapata 12322. Akijaribu ukurasa mwingine, atapata jibu lingine, na yote yana haki sawa ya kuwa kweli. Kutoka namba hizo tano mutu anaweza "kuvumbua" ujumbe wowote anapenda: shambulio, arusi, bei ya sukari. Mutaalamu wa hesabu Mumarekani Claude Shannon alionyesha jambo hilo kwa hesabu, katika kazi yenye ilitangazwa mwaka wa 1949: kama ufunguo ni wa ovyo kabisa, uko na urefu wa ujumbe, umefichwa vizuri na umetumiwa mara moja tu, hakuna mashini ya kuvunja, ya leo wala ya kesho.

Lakini angalia masharti yale. Moja likikosekana, nyumba yote inaanguka. Wasovieti walijifunza hilo kwa bei kali. Mwaka wa 1942, vita ikiwa imewabana, watengenezaji wa zile kaye walichapa maelfu ya kurasa mara mbili. Ukurasa moja ukatumika kwa ujumbe mbili tofauti. Wamarekani, katika kazi ya siri yenye iliitwa Venona, walianza mwaka wa 1943 kulinganisha telegramu za Wasovieti, wakaona zenye kushiriki ufunguo, na pole pole wakasoma sehemu yake. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka wa 1980, na ilitangazwa kwa watu wote mwaka wa 1995 tu. Hesabu haikukosa. Ni kazi ya watu njo ilikosa.

Kisha, walikamatwa namna gani?

Hapa njo kuko mafundisho makubwa. Hata kama namba hazivunjiki, wapelelezi wenye walikuwa wanazisikiliza wamekamatwa, na wengine wamefungwa miaka mingi. Ukisoma kesi zao moja moja, utaona karibu kila mara serikali haikukamata redio. Ilikamata mutu.

Mwaka wa 1998, kule Miami, polisi ya Marekani FBI ilikamata kikundi cha wapelelezi wa Cuba. Walikuwa wanapokea vikundi vya namba kwa masafa mafupi, kisha wanaviingiza ndani ya ordinatere yenye programu ya kuvifungua. FBI haikuumiza kichwa na hesabu. Iliingia kwa siri katika nyumba, ikakopia vitu vyenye vilikuwa kwenye ordinatere, na kutokea hapo ikaanza kusoma kama wenyewe. Ujumbe zenye zilifunguliwa zikaletwa mbele ya tribinali. Mwaka wa 2001 watu watano wakahukumiwa.

Mwaka ule ule wa 2001, mwezi wa 9, alikamatwa Ana Belén Montes, mwanamuke mwenye alikuwa anatumika tangu mwaka wa 1985 katika idara ya upelelezi ya jeshi la Marekani, na alikuwa mutu wao wa kuchambua mambo ya Cuba. Muchana alikuwa anaandikia wakubwa wa Washington maripoti juu ya Cuba. Usiku alikuwa anasikiliza namba za Cuba kwenye poste ya Sony. Alikuwa na programu ya kufuta kila kitu kwenye ordinatere yake, lakini si yote ilifutika: FBI ilipoingia kwake kwa siri, ilikuta mabaki ya ujumbe ndani. Alikubali makosa, akapewa miaka 25. Alitoka gerezani mwezi wa 1 wa mwaka wa 2023.

Mwaka wa 2009 ilikuwa zamu ya Walter Kendall Myers, mwenye alitumika katika wizara ya mambo ya inje ya Marekani, pamoja na muke wake Gwendolyn. Karibu miaka makumi tatu walifanyia Cuba kazi, na ujumbe ilikuwa inawafikia kwa Morse kwenye masafa mafupi. Nani aliwaangusha? Mutu wa FBI mwenye alijifanya kama ametumwa na Cuba. Wakamuelezea wenyewe maisha yao. Mume alipewa kifungo cha maisha, muke miezi 81.

Na mwezi wa 10 mwaka wa 2011, karibu na muji wa Marburg, Ujerumani, polisi iliingia asubuhi katika nyumba ya bibi na bwana wenye walikuwa wanaishi katika inchi hiyo miaka mingi kama watu wa kawaida, na majina ya uongo. Walikuwa wapelelezi wa Urusi. Wakati polisi inaingia, mwanamuke alikuwa amekaa mbele ya poste ya masafa mafupi. Mwaka wa 2013 tribinali ya Stuttgart ilipatia mwanaume miaka sita na nusu, mwanamuke miaka mitano na nusu.

Tuangalie vizuri vitu vyenye vililetwa kama ushahidi. Poste ya redio peke yake haikutosha hata fasi moja. Kulikuwa programu za kufungua namba, ujumbe zenye zilifunguliwa, maripoti yenye yalitumwa, feza, paspoti za uongo, na maneno ya kinywa chao wenyewe. Poste ilikuwa tu kipande kimoja cha hadisi ndefu.

Nani alitufundisha haya yote

Serikali zenye vituo hivyo hazipende kusema. Mwaka wa 1998, musemaji wa wizara ya biashara ya Uingereza, yenye ilikuwa inachunga mambo ya masafa, aliulizwa na gazeti la Daily Telegraph. Alijibu kwa kifupi kama vituo hivyo ni vile watu wanavyozania, na kama havitumwi kwa ajili ya watu wote. Karibu hakuna mukubwa wa serikali amesema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mengi tunayojua yametoka kwa wasikilizaji wa kawaida: watu wenye kukaa usiku na poste na kaye, wanaandika saa, masafa, luga na namna ya kuanza. Katika miaka ya 1990, kikundi chenye jina la ENIGMA kilipanga vituo kwa herufi: E kwa Kingereza, G kwa Kijerumani, S kwa luga za Waslavi, M kwa Morse, V kwa luga zingine. Mwaka wa 1997, Akin Fernandez alitoa London mukusanyo wa sauti zenye zilirekodiwa, The Conet Project, kwenye diski ine. Hawa watu hawakuvunja namba hata moja. Walifanya kazi ya mwandishi wa habari muzuri: walisema walisikia nini, wapi, saa ngapi, mara ngapi. Mupaka wa maarifa yao waliujua, hawakuuruka.

Na serikali zingine zinajua kama tunasikiliza. Mwaka wa 2016, redio ya Korea Kaskazini ilirudilia kusoma namba kisha kimya cha miaka 16. Musomaji alijifanya kama mwalimu mwenye kupatia wanafunzi wa mbali kazi ya kurudilia, akitaja ukurasa na namba ya zoezi. Labda ilikuwa amri ya kweli kwa wapelelezi. Labda ilikuwa tu kutisha Korea Kusini, kwa sababu nayo inasikiliza. Kituo cha namba kinaweza kusoma namba bila maana, ili siku yenye maana adui asione tofauti. Kwa hiyo hata kuongezeka kwa ujumbe si lazima iwe alama ya jambo.

Na kwetu, mashariki?

Inafaa tuseme wazi: kila sauti ya ajabu kwenye masafa mafupi si ya wapelelezi. Kuko vituo vyenye kusoma namba kwa Kingereza mufululizo, na ni hali ya hewa kwa marubani wa ndege: upepo, mawingu, joto, kiwanja kwa kiwanja. Kuko vituo vya saa, vyenye kupiga kila segonde. Kuko watu wenye kupenda Morse, wenye wanasalimiana tu. Kuko rada za mbali zenye mulio kama pikipiki, na kuko serikali zenye kutupa kelele juu ya redio zenye hazipendi. Hapa kwetu kuko tena fonie za vituo vya afya, za mamisioni na za mashirika, zenye kuzungumuza habari ya dawa na ya mugonjwa mwenye anaombewa gari. Mutu mwenye haelewi, akikamata kipande cha mazungumuzo hayo usiku, anaweza kujenga hadisi ya vita.

Na hapo njo kuko hatari yetu. Wakati wa vita, watu wanatafuta maana katika kila kitu. Mutu anatuma sauti ndani ya WhatsApp, anaandika chini: "Sikilizeni, ni siri ya adui, inasema kesho watashambulia muji." Watu wanafunga biashara, wanabeba watoto na magodoro, wanakimbia. Wengine wanaanza kuuliza nani katika avenue iko na poste ya antena ndefu. Kama umesoma mpaka hapa, uko na kipimo cha kushindana na habari ya namna hiyo. Mwenye kusema amefasiri namba, umuulize ufunguo aliupata wapi. Wamarekani, pamoja na mashini zao zote, waliomba kuingia ndani ya nyumba ya mupelelezi ili wasome. Itakuwa namna gani kijana na telefone yake, kwenye kona ya barabara, aweze kusoma kwa dakika tano?

Umuulize tena sauti ilirekodiwa wapi, siku gani, saa ngapi, kwenye masafa gani. Mwenye kusikiliza kweli anaandika vitu hivyo vyote. Sauti yenye haiko na tarehe wala masafa inaweza kutokea fasi yoyote na mwaka wowote. Rekodi za vituo vya zamani zimejaa kwenye intaneti, na mutu anaweza kuchukua sauti ya Cuba ya miaka makumi mbili iliyopita akaiita ya usiku wa jana. Tukumbuke ile sauti ya "mutoto": kwa miaka mingi watu wengi waliisikia kwa masikio yao, walikuwa na haki ya kusema iko, na bado hadisi yenye walijenga juu yake ilikuwa ya uongo.

Ingine ya kushika ni juu ya jirani. Mutu mwenye poste ya masafa mafupi si mupelelezi kwa sababu ya poste. Mara nyingi ni muzee mwenye anatafuta habari wakati mutandao umekatwa na FM ya muji imenyamaza. Sisi wa mashariki tunajua siku hizo: telefone inabakia kama jiwe mukononi, na poste ndogo ya mapile ndiyo peke yake inaleta sauti ya inje. Ile tabia yenye inafanya masafa mafupi yafae mupelelezi, ndiyo inafanya yafae raia mwenye amefungiwa njia zote: hakuna mwenye anaweza kujua nani anasikiliza, na si rahisi kuzima mutambo wenye uko inchi ya mbali. Kumuangalia muzee huyo kama adui ni kumunyanganya mutaa muzima mwenye aliwaletea habari.

Vituo vya namba vimepungua. Wachina, Wamarekani, Warusi na wengine wako na njia mupya, na mitambo ya masafa mafupi inakula moto na feza mingi. Lakini havijaisha, na sababu ni ile tuliyosema: bado hakuna mutu amevumbua njia ingine nyepesi vile ya kusema na mutu mumoja mbele ya dunia nzima bila kumuonyesha. Kwa hiyo ukiangukia siku moja sauti yenye inasoma tano-tano, usiogope. Andika saa, andika masafa, sikiliza mpaka mwisho kama unapenda. Unasikia barua yenye bahasha imefungwa, na mwenye kuandikiwa ndiye peke yake anaweza kuifungua. Mwenye atakuja kesho kukusomea barua hiyo kwa sauti kubwa kwenye soko, jua kama ameitunga mwenyewe.